Walimu wa Kiingereza Wakitumie Kiswahili

Mwalimu yeyote wa Kiingereza katika shule za Malindi na Kilifi anaijua orodha hii: "furnitures", "luggages", "equipments", "informations". Kila muhula wanafunzi huyaandika maneno hayo, kalamu nyekundu huyakata, na muhula ufuatao hurudi yaleyale. Dawa inayotolewa ni moja tu: zikariri nomino zisizohesabika, kwani Kiingereza ndivyo kilivyo. Kwa maoni yangu, dawa hiyo haiponyi kwa sababu maradhi yenyewe hayajapimwa.

Aghalabu lawama hutupiwa lugha ya nyumbani, kana kwamba Kiswahili hakijui kutenganisha vitu vya kuhesabiwa na vitu vya kupimwa. Dai hilo si kweli hata kidogo. Wasikilize watu sokoni. Husema "samaki wachache" na "nazi chache", lakini husema "chumvi kidogo", "unga kidogo" na "maji kidogo". Hakuna mjuzi wa lugha hii atakayeomba "chumvi chache". Mpaka huo ndio ule uliopo baina ya "few" na "little" katika Kiingereza, na mtoto wa Mambrui au Takaungu anaujua kabla hajaingia darasa la kwanza.

Basi kinachomtatiza ni nini? Ni mambo mawili. Kwanza, neno letu "-ingi" hutumika pande zote mbili: watu wengi, maji mengi. Kwa hiyo tofauti ya "many" na "much" ni ngeni kwake. Pili, lugha hizi mbili hazikuupitisha mpaka mahali pamoja. Sisi tuna mzigo mmoja na mizigo mitatu, kifaa kimoja na vifaa vitano, unywele mmoja na nywele nyingi. Waingereza wameviweka vyote hivyo upande wa vitu vya kupimwa.

Wala tusidhani kwamba maumbile ya vitu ndiyo yanayoamua. Maharagwe na mchele vyote ni punje, lakini katika Kiingereza maharagwe huhesabiwa ilhali mchele hauhesabiwi. Tena Kiingereza chenyewe kimewahi kuuhamisha mpaka huo: neno "pease" lilitaja njegere kwa jumla, kisha wasemaji wakaidhania sauti ya mwisho kuwa alama ya wingi, wakaiondoa na kupata "pea" moja.

Ushahidi mwingine uko Malindi penyewe, mji ambao kwa miongo mingi umekuwa makazi ya Waitaliano. Katika lugha yao, samani ni "mobili", nywele ni "capelli", habari ni "notizie", na maneno yote hayo yako katika wingi. Mwitaliano anayejifunza Kiingereza huvutwa na kosa lilelile la mwanafunzi wa Kilifi. Sijasikia mtu akidai kwamba Kiitaliano ni lugha isiyo na mantiki.

Hasara ya kukariri si alama za mtihani wa KCSE pekee. Mwanafunzi anayechekwa darasani hujifunza kunyamaza, na anayeambiwa kila siku kwamba lugha yake ndiyo chanzo cha makosa hatimaye huamini kwamba lugha hiyo ina upungufu.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza. Nakubali kwamba mazoezi hayana badala. Hata hivyo, dakika kumi za ulinganishi hazimnyang'anyi mtu mazoezi. Mwalimu na awape wanafunzi maneno thelathini ya Kiswahili, wayapange kwa "chache" na "kidogo". Kisha wapange maneno ya Kiingereza yenye maana hizo, na walinganishe. Wataona kwamba mengi yanaafikiana. Machache yanayotofautiana ndiyo ya kukariri. Baadaye awakumbushe tone la maji, punje ya mchele na kipande cha sabuni, nao wataelewa kwa nini Mwingereza husema "a piece of furniture".

Katiba ya 2010 imezifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za nchi hii. Haifai moja iwekwe mlangoni wakati nyingine inapofundishwa. Mwanafunzi wa pwani huja darasani na sarufi kamili kichwani mwake, na kazi ya mwalimu ni kuanzia hapo.