Kusamehewa Hesabu si Kunyimwa Elimu



Katika miji yetu ya pwani, kijana mwenye ulemavu wa akili husemwa kwa huruma: "Huyu hana dhambi, muacheni." Maneno haya yana asili katika fikihi, kwani asiyetimia akili hakalifishwi. Lakini tumeyavuta yakapita mpaka wake. Kijana akishamaliza shule ya mahitaji maalumu, huketishwa nyumbani hadi uzeeni, kana kwamba aliyesamehewa hesabu hana fungu katika elimu.

Wako waliofuata njia nyingine. Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, kilianza kuwapokea vijana kama hawa. Huhudhuria masomo waliyoyachagua pamoja na wanafunzi wengine, kazi zao hurekebishwa kwa kadiri ya uwezo wao, na wenzao huwasaidia. Hawatoki na shahada ya kawaida. Hutoka na marafiki wa rika lao na mazoea ya kazi.

Katika utafiti nako mambo yamebadilika. Zamani wataalamu waliwachunguza watu hawa na kuwaandika bila kuwauliza. Leo, katika baadhi ya vyuo, wao ni watafiti wenza: huchagua maswali, huwahoji wenzao, na husaidia kuyaandika matokeo kwa lugha nyepesi. Aliyewahi kuchekwa njiani hujua swali ambalo profesa hakulifikiria.

Kenya nayo iliridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinataja elimu ya juu. Haki hiyo ipo, ila haina budi kudaiwa.

Basi, wazazi wetu, tunawaomba matatu. Kwanza, mwulizeni kijana mwenyewe apenda kujifunza nini, wala msimjibie. Pili, nendeni chuo cha ufundi kilicho karibu mkamwombee japo somo moja, liwe la ushonaji au upishi, na mjue ni nani atakayekuwa naye, hasa akiwa binti. Tatu, akija mtafiti, asitosheke na idhini yenu. Kijana naye aelezwe, akubali au akatae.

Mama wengi hulala na swali moja: nikifa, nani atamtunza mwanangu? Hatuna jibu kamili. Tunalolijua ni kwamba asiyejulikana nje ya mlango wa kwao hana wa kumuulizia siku mlango huo utakapofungwa. Tumtoe leo, ajulikane kwa jina lake.

Wabillahi tawfiq.