Mchezaji akistaafu, ujuzi wake unakwenda wapi?

Tarehe 20 Julai 2024, jijini London, Marekani iliifunga Sudan Kusini pointi 101 kwa 100 katika mpira wa kikapu. Ilikuwa mechi ya kujipima nguvu kabla ya Olimpiki ya Paris. Hadi mapumziko Sudan Kusini iliongoza 58 kwa 42, na LeBron James ndiye aliyeiokoa Marekani zikiwa zimebaki sekunde 8.

Wengi walizungumzia wachezaji. Sisi tuwatazame watu watatu waliokuwa nyuma ya timu hizo, wote wachezaji wastaafu wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani.

Wa kwanza ni Steve Kerr, aliyekuwa kocha wa Marekani wakati huo. Alistaafu mwaka 2003 akiwa na ubingwa mara 5, kisha akawa mchambuzi wa televisheni. Mwaka 2014 aliichukua Golden State Warriors na kuipa ubingwa mara 4. Mchambuzi hulazimika kumweleza mtu wa nyumbani kwa nini jambo limetokea, tena kwa maneno machache. Kocha naye kazi yake ni hiyo hiyo, ila anawaeleza wachezaji.

Wa pili ni Luol Deng, mzaliwa wa Wau. Familia yake ilikimbia vita hadi Misri, kisha Uingereza. Baada ya kustaafu mwaka 2019 aliongoza shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, akatumia na fedha zake. Mwanzoni aliifundisha timu mwenyewe, kisha akamkabidhi Royal Ivey, mtu wetu wa tatu. Vijana wengi wa timu hiyo walikulia ugenini kama wakimbizi. Hata hivyo, mwaka 2023 walizifunga China, Angola na Ufilipino kwenye Kombe la Dunia, wakakata tiketi ya Paris. Kwenye Olimpiki hiyo wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79.

Tanzania nayo ina jina kubwa. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Lakini kipaji kimoja hakitoshi kuzaa kingine. Panahitajika mtu wa kufundisha, tena kila wiki, hata pasipokuwa na mashindano.

Hapa Kwihara tunalielewa hilo. Misafara ya zamani ilikuwa na kirangozi, aliyetangulia mbele ya wapagazi kwa sababu njia aliijua. Mtu aliyekwishapita njia ndiye anayefaa kuwaongoza wanaoianza.

Katika kata zetu wapo waliocheza UMISSETA au timu za majeshi, na leo wanalima au wanaendesha bodaboda. Ujuzi wao umekaa bure. Mwalimu mkuu anaweza kumwomba mmoja wao awafundishe watoto jioni mbili kwa wiki. Ardhi iliyosawazishwa, nguzo mbili, pete mbili na mpira vinatosha kuanzia.

Nasi watangazaji tuna sehemu yetu. Msikilizaji wa redio haoni mchezo, anausikia tu. Aliyewahi kucheza anaweza kumweleza kwa nini refa amepuliza filimbi. Tuwape maikrofoni.