Kalunguyeye wa Olbalbal

Wenzangu wa kitivo cha tiba, lile swali la mwaka jana mnalikumbuka: eleza jinsi seli zinavyowasiliana katika ukuaji wa gegedu. Nililimwaga lote kwa Kiingereza, A nikapata. Likizo, nyumbani Olbalbal, nikaulizwa swali lile lile nikafeli.

Aliyeniuliza ni bibi jirani. Mjukuu wake, mchunga ndama, ana nundu ngumu juu kidogo ya goti. Alipopigwa eksirei waliambiwa ni "osteokondroma", basi. Kijijini ikageuka kansa, watu wakaanza kuongelea kukatwa mguu. "Wewe si ndiyo unasomea udaktari? Hebu niambie mtoto ana nini." Nikafungua mdomo, yakatoka maneno ya slaidi.

Kesho yake nikarudi, mjomba akitafsiri kwa Kimaasai. Bibi, karibu na ncha ya mfupa wa mtoto kuna gegedu, kama ile unayotafuna kwenye mfupa wa mbuzi. Seli zake hujipanga kama ng'ombe wakisubiri maji. Zinazokomaa hutoa ishara, ile ambayo wanasayansi waliipa jina la kalunguyeye. Ishara nyingine hujibu: wadogo subirini, zamu bado. Hivyo mfupa hurefuka kwa mpangilio. Kwa mjukuu wako, ndama wachache wametoka kwenye mstari wakajijengea zizi pembeni. Ni ndama hao, si simba.

(Jeni za EXT1 na EXT2 nikawaachia ninyi: zikiharibika, inapungua ile sukari ya heparani sulfeti inayoongoza ishara zisambae hadi wapi.)

Nikamalizia: mara nyingi nundu huacha kukua kijana anapoacha kurefuka, na nyingi hazihitaji kisu. Ikiendelea kukua ukubwani au maumivu yakizidi, hospitali haraka.

"Kwa hiyo mguu haukatwi?"

"Kwa nundu ya aina hii, haukatwi, bibi."

Akashusha pumzi. Hiyo ndiyo A yangu.

Jamani, dunia nzima inaijua mifupa ya kale ya Oldupai, jirani yetu. Goti la mtoto aliye hai tunashindwa kumweleza bibi yake! Sisemi tuache Kiingereza. Nasema mtihani wa mdomo uwe na swali moja la kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili, lenye maksi kamili. Na serikali yetu ya wanafunzi ilipeleke ombi hilo muhula huu, kabla likizo haijatukuta tena hatuna maneno.