Mkataba wa bandari upite Dodoma kwanza

KASKAZI
Na Shomari Mwinyimvua

Januari 1889 wabunge walikaa kuijadili Bagamoyo. Walikaa Berlin. Vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani vilikuwa vimeishinda nguvu Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na Kansela Bismarck alitaka fedha za kuleta jeshi. Pamoja na ubabe wake wote, hakuweza kuzichota hazina kwa amri yake. Ilimbidi apeleke muswada Reichstag, ahojiwe, apingwe na wenye kupinga, mpaka akaidhinishiwa marki milioni 2. Fedha hizo ndizo zilizomleta Hermann von Wissmann pwani yetu na askari wa kukodi kutoka Sudan na Msumbiji. Desemba mwaka huohuo Abushiri akanyongwa Pangani.

Habari hii shuleni tulisomeshwa kwa upande wa bunduki. Leo naitazama kwa upande wa karatasi, maana moto ule uliwashwa na mkataba. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ile ukanda wa pwani pamoja na ushuru wa forodha zake kwa miaka 50. Majumbe wa Bagamoyo hawakuulizwa, wala wa Pangani, wala wa Saadani. Walikuja kujua Agosti, Wajerumani walipoanza kupandisha bendera yao. Basi Mjerumani aliyelipia vita alikuwa na Bunge la kumsemea, na mtu wa Bagamoyo aliyepigwa vita hivyo hakuwa na pa kusemea hata neno moja.

Sisi sasa tunalo letu. Ila tuulizane linaweza nini.

Nenda soko la samaki la Bagamoyo, pale chini ya gofu la forodha ya Mjerumani, saa dalali anapaza bei na matenga bado yanachuruzika maji. Ukimtaja mbunge tu, mjadala unaanza: kaleta bati za zahanati? Katoa jezi? Msiba wa fulani alifika, au alituma mtu na bahasha? Siwalaumu. Mwenye shida humwambia aliye karibu. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa kwenye Katiba kuwa kazi ya mbunge, wakati ushuru anaotozwa mchuuzi palepale sokoni mzizi wake uko Dodoma. Ibara ya 138 inakataza kodi yoyote isiyo na msingi katika sheria iliyotungwa na Bunge.

Katiba ya mwaka 1977 inaanza na jambo ambalo wengi hawalijui. Ibara ya 62 inasema Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili: Rais na wabunge. Muswada hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Kisha ibara ya 63 inaifanya sehemu ya pili, yaani wabunge, kuwa chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Madaraka hayo yameorodheshwa: kumuuliza waziri maswali, kujadili kila wizara wakati wa bajeti, kuidhinisha mipango ya maendeleo, kutunga sheria za kuitekeleza. Haya yote tunayaona kwenye televisheni. La mwisho ndilo linalotuhusu sisi wa pwani hii: kujadili na kuridhia mikataba inayoihusu Jamhuri, ile ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa.

Rudia kusoma maneno hayo ya mwisho. Kwa masharti yake. Maana yake anayeandika mkataba ndiye anayeamua kama utafika mbele ya wabunge. Akiweka kifungu cha kuridhiwa, unafika. Asipoweka, hauna safari ya lazima Dodoma.

Ushahidi tunao mlangoni. Machi 2013, Rais Xi Jinping alipozuru Dar es Salaam, makubaliano ya kujenga bandari ya Bagamoyo yalitiwa saini. Kampuni ya China Merchants na mfuko wa akiba wa Serikali ya Oman wakatajwa kuwa wabia, na gharama ikatajwa kuwa dola bilioni 10. Huku Zinga, Pande na Mlingotini watu wakaanza kuhesabiwa minazi na miembe. Miaka ikapita. Juni 2019, akizungumza na wafanyabiashara Ikulu, Rais Magufuli akasema masharti yale hakuna mwenye akili timamu angeyakubali, akataja ukodishaji wa miaka 99 na sharti la kutoendeleza bandari nyingine kwenye mwambao. Wengi wetu hapo ndipo tulipoyasikia kwa mara ya kwanza. Na mwaka huohuo Spika Job Ndugai alikuwa akiutetea mradi waziwazi. Mmoja anasema ni neema, mwingine anasema ni wizi, na mkataba wenyewe haujawekwa mezani kuridhiwa. Ulikuwa ubishi wa watu wanaogombea tafsiri ya barua iliyo mfukoni mwa mtu wa tatu. Juni 2021 Rais Samia akatangaza mazungumzo yanafufuliwa.

Sasa ulinganishe na bandari ya Dar es Salaam. Makubaliano kati ya Tanzania na Dubai, yaliyotiwa saini Oktoba 2022, yalikuwa na kifungu cha kuridhiwa, kwa hiyo yakapelekwa Bungeni na kuridhiwa tarehe 10 Juni 2023. Nchi nzima iliyasoma. Mashehe, maaskofu, mawakili na madereva wa bodaboda walibishana kifungu kwa kifungu. Ni kweli wananchi waliitwa kutoa maoni kwa taarifa ya muda mfupi mno, na hilo likawa miongoni mwa hoja katika kesi ya kuyapinga makubaliano hayo iliyofunguliwa Mbeya, ambayo Mahakama Kuu iliitupa Agosti. Lakini kelele zilizaa kitu. Makubaliano ya awali yalilalamikiwa kwa kutokuwa na ukomo. Mikataba ya uendeshaji iliyosainiwa Oktoba 2023 ikaja na miaka 30. Bunge halikubadilisha hata koma, nakubali. Kilichosaidia ni kwamba karatasi ilitoka ndani ikasomeka.

Mtu atasema sheria za mwaka 2017 zimeshaziba pengo. Zimeziba nusu. Zinataka kila mkataba wa utajiri na maliasili, na bahari ya nchi imo ndani ya tafsiri hiyo, utolewe taarifa Bungeni ndani ya siku sita za vikao zinazofuata. Bunge likiona masharti hasi linaweza kupitisha azimio la kuitaka Serikali irudi mezani. Ni silaha nzuri, ila inatolewa alani saini ikiwa imekwisha kukauka. Halafu anayeishika ni nani? Mbunge akifukuzwa na chama chake anapoteza kiti, kwa ibara ya 71. Bunge zima likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja, kwa ibara ya 90. Mheshimiwa anayeyajua hayo hufikiri mara mbili kabla ya kusema siyo.

Kuna njia nyepesi zaidi, na mfano wake uko hapahapa. Sheria ya Hifadhi za Taifa inamtaka Rais apate ridhaa ya Bunge kabla ya kutangaza eneo kuwa hifadhi. Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, iko chini ya sheria hiyo. Yaani kwa ajili ya tembo na viboko wa Wami ridhaa inatakiwa mwanzo, na kwa bandari ya miaka 99 haitakiwi kabisa! Sidai kwamba ridhaa ni dawa ya kila ugonjwa. Watu wa Uvinje wamelalamika miaka mingi kwamba mpaka wa hifadhi umemeza kitongoji chao. Bunge haliendi msituni na kamba ya mpima ardhi. Hata hivyo, mwenye malalamiko ana mahali pa kuanzia kuuliza.

Wakubwa hunijibu kwamba mwekezaji atakimbia mkataba wake ukianikwa. Dubai hawakukimbia. Aliyeumia ni yule aliyepewa ardhi na Serikali peke yake, kisha akanyang'anywa na Serikali peke yake: Waswidi wa mradi wa miwa wa EcoEnergy, hapahapa Bagamoyo. Hati yao ilifutwa, wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa Washington, na mwaka 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa takriban dola milioni 165. Deni kama hilo likilipwa, linatoka Mfuko Mkuu wa Hazina, mfuko ambao matumizi yake yanaidhinishwa na Bunge. Wabunge wasiohusishwa wakati wa kutoa ardhi wanahusishwa wakati wa kulipa faini.

Pendekezo langu ni sheria ya kifungu kimoja. Bandari, ardhi au eneo la bahari likikabidhiwa mwekezaji kwa zaidi ya miaka 33, mkataba usiwe na nguvu mpaka uwekwe mezani Bungeni kwa siku 30, usomwe na yeyote anayetaka, kisha uridhiwe kwa kura ya wazi. Haihitaji kubadili Katiba. Inahitaji wabunge wanaotaka kuyatumia madaraka ambayo tayari wanayo.

Mheshimiwa mbunge wa Bagamoyo, kuomba sheria hiyo kunaweza kuchukua muda. Kuuliza swali hakuchukui. Mkutano ujao simama umuulize waziri jambo moja tu: mkataba wowote mpya wa bandari ya Bagamoyo, wabunge watauona kabla ya saini au baada yake? Jibu atakalotoa, liwe zuri liwe baya, tuletee Mlingotini kama lilivyo kwenye kumbukumbu za Bunge. Jezi zinaweza kungoja.