Perth Hadi London: Kilomita na Saa

Mtu akiuliza kutoka Perth, magharibi ya Australia, hadi London ni umbali gani, jibu ni jepesi: yapata kilomita 14,500 kwa njia iliyo fupi kuliko zote, ile ifuatayo mviringo wa dunia. Walakini akiuliza ni safari ya saa ngapi kwa ndege, hapana budi naye aulizwe: mwaka gani, kwenda au kurudi, na je, huko njiani kuna amani?

Mwezi Februari 1942 Wajapani waliiteka Singapore, na njia ya ndege baina ya Australia na Uingereza ikakatika. Kuanzia Julai 1943 hadi 1945, shirika la Qantas lilirusha ndege za Catalina, zile zituazo majini, kutoka Perth hadi Koggala katika kisiwa cha Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Hiyo haifiki hata nusu ya njia ya London; hata hivyo ilichukua saa 27 hadi 33 bila kutua popote. Petroli ilijazwa kwa wingi hata pasibaki nafasi ila ya abiria 3 na barua, nyingi zikiwa za askari. Redio ilinyamazishwa ili adui asisikie, na njia ikatafutwa kwa nyota. Waliomo ndegeni waliona jua likichomoza mara mbili kabla ya kutua. Aliyeipokea barua ya namna hiyo, nadhani, hakulalamika kuwa imechelewa.

Vita vilipokwisha, Desemba 1947, safari ya Sydney hadi London ilichukua siku 4, pamoja na vituo vya njiani. Machi 2018 ndipo ndege aina ya Boeing 787 ilipoanza kutoka Perth hadi London moja kwa moja, kwa saa 17 hivi. Kurudi ni pungufu kidogo, kwa kuwa huko juu sana upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kuisukuma ndege. Agosti 2024, kwa hofu ya mapigano Mashariki ya Kati, ndege za kwenda London zililazimika kuikwepa anga hiyo na kupitia Singapore kujaza mafuta.

Ninyi mnaongoja wasafiri nyumbani, angalieni pia saa zilizoandikwa katika tikiti: kila moja ni ya mahali pake. London iko nyuma ya Perth kwa saa 8 wakati wa baridi. Tuseme ndege imeondoka Perth saa moja jioni, ikaruka saa 17. Itatua London saa kumi alfajiri. Asiyejua atahesabu saa 9 tu. Akirudi, aondoke London saa sita mchana, aruke saa 16, atafika Perth saa sita mchana ya kesho yake, na jamaa watadhani amekaa angani siku nzima.