Moshi Haupimwi kwa Macho

Wiki hii naomba tuache kidogo habari za katiba mpya na tume ya uchaguzi, tuongee kuhusu moshi. Ndiyo, moshi wa magari. Najua wengine mtasema, dada huyu amekosa la kuandika. Nisomeni mpaka mwisho.

Likizo iliyopita nilipanda Canter ya mjomba kutoka Kilosa kwenda Mikumi kupitia Ulaya. Gari ni la zamani, linanizidi umri, na nyuma kulikuwa na magunia ya mahindi ya watu. Njiani tukasimamishwa. Wapi na nani sitaji, na wala sina ugomvi na mtu aliyetumwa kazi. Mkaguzi akazunguka gari mara moja, akamwambia mjomba akanyage mafuta. Moshi mweusi ukatoka. Akasema, "Hili linachafua mazingira." Basi, kosa likaandikwa, 30,000.

Mjomba akanigeukia. "Wewe mama, si unasoma sheria? Hebu muulize moshi unatakiwa uwe kiasi gani."

Nikauliza kwa heshima zote, shikamoo ikitangulia. Jibu nililopewa: "Huoni kwa macho?"

Hilo jibu sijalisahau. Mwanafunzi wa sheria mwaka wa kwanza anafundishwa kwamba kosa lazima liwe na kipimo kinachojulikana kabla mtu hajalitenda. Mwendo kasi una kipimo, ndiyo maana kuna tochi. Uzito wa lori una kipimo, ndiyo maana kuna mizani. Pale Hifadhi ya Mikumi, kwenye ile barabara kuu ya kwenda Zambia inayokatiza mbugani kama kilomita 50, kuna kibao kinachoorodhesha wanyama na faini ya kila mmoja kwa dola. Swala ana bei yake, twiga ana bei yake. Serikali ikitaka kuandika kipimo inajua sana kuandika. Ila ikifika kwenye moshi wa Canter ya mnyonge, kipimo kinakuwa jicho la mtu na namna alivyoamka siku hiyo.

Nieleweke vizuri. Situmii haki kutetea moshi. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mama anayeuza ndizi pembeni ya barabara kuu pale Mikumi mjini anauvuta huo moshi kutwa nzima na mtoto mgongoni. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Na hata kabla ya sheria hiyo, wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwavutisha moshi na harufu. Wakashinda. Jiji likawa linaomba muda, linaomba tena muda, mpaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akalihusisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Kwa hiyo hewa safi ni haki yetu, na mimi ni wa kwanza kuidai.

Ninachokataa ni kuifanya haki hiyo kuwa kisingizio cha faini.

Twende gereji sasa. Fundi yeyote wa Kilosa atakwambia moshi unaongea. Moshi wa bluu, injini inakula oili: ringi zimekwisha au sili za valvu zimechoka. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, maji yanaingia kwenye silinda, angalia gasketi. Moshi mweusi, mafuta ni mengi kuliko hewa: nozo zimechoka, pampu imepoteza taimingi, au eya klina imeziba.

Mjomba alipofika Mikumi alifungua eya klina. Makamanda, ilikuwa nyekundu kama tofali. Ni vumbi la ile ile njia tuliyopita. Aliikung'uta, kesho yake akanunua nyingine, na moshi ukapungua pale pale. Yaani Serikali imemwacha mtu apite kwenye vumbi miaka yote, vumbi likaziba gari lake, gari likatoa moshi, halafu anapigwa faini ya moshi. Barabara mbovu haijaandikiwa kosa na mtu.

Na mafuta je? Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni kuanzia Januari 2015. Vizuri. Lakini sisi ndio nchi iliyolipa taifa neno "kuchakachua". Lilitoka kwenye mafuta ya taa yaliyokuwa yakichanganywa kwenye dizeli, na mwaka 2010 likahamia kwenye mjadala wa kura. Dereva akiuziwa mafuta machafu, anayetoa moshi ni yeye.

Kuna watakaosema: anunue gari jipya basi. Kwa kodi zipi? Gari dogo lililotumika likiingia nchini na umri wa zaidi ya miaka 10 linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Tunaambiwa ni kwa ajili ya kulinda mazingira. Sawa, nauliza kama mwananchi: katika fedha hizo, ni shilingi ngapi zimenunua mashine ya kupima moshi? Nimezaliwa na kukulia wilaya hii, sijawahi kuiona hata moja barabarani. Na wala si chombo cha ajabu. Kwa dizeli unachomeka bomba kwenye ekzosi, unakanyaga mafuta mara kadhaa, mashine inasoma moshi umeziba mwanga kiasi gani, inatoa karatasi. Karatasi hiyo mtu anaweza kwenda nayo kwa fundi, na akionewa anaweza kwenda nayo mahakamani. Jicho la mkaguzi unalipeleka mahakama gani?

Tena hata penye mashine lazima pawe na usimamizi. Mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ilikiri kwamba magari yake ya dizeli kama milioni 11 yaliwekewa programu ya kudanganya kipimo. Wakubwa wanachakachua kwa kompyuta. Mjomba ana kitambaa na spana namba 12.

Tunataka nini? Kwanza, kiwango cha moshi kiandikwe kwa Kiswahili na kibandikwe kila kituo cha ukaguzi na kila gereji. Mwaka 2021 Bunge lenyewe lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, sasa kitumike. Pili, hakuna kosa la moshi bila karatasi ya mashine. Tatu, gari likifeli lipewe siku 30 za matengenezo na kupimwa tena, faini ije baada ya hapo. Nne, kodi ipunguzwe kwenye nozo, eya klina na ringi, maana ndizo zinazoondoa moshi. Faini haijawahi kusafisha injini. Tano, upimaji uanze na malori makubwa ya barabara kuu na magari ya Serikali, ndipo ufike kwa wenye Canter.

Na wewe kijana unayesoma hapa, bodaboda, konda, dereva, usitukane mtu barabarani. Uliza kwa adabu: kosa ni la kifungu gani, kiwango ni kipi, kipimo kimesoma ngapi? Piga picha karatasi uliyopewa, itunze. Tukiwa na karatasi 200 kutoka Kilosa, Mikumi, Ruaha na Dumila zisizo na kipimo hata kimoja, hatutakuwa tena tunalalamika, tutakuwa na ushahidi. Kifungu cha 5 cha ile Sheria ya Mazingira kinamruhusu mwananchi kwenda mahakamani kuidai haki yake. Tabata walikwenda.

Mjomba ameweka nozo mpya mbili. Mbili zilizobaki anasubiri mavuno. Ile 30,000 aliyolipa ingekuwa imeshaingia kwenye ya tatu.

Nguvu ya umma!