Siku Mama Alipokula Chakula cha Moto

Wazazi wenzangu, Jumamosi iliyopita nilifanya jambo ambalo kwa mfuko wangu ni anasa. Niliichukua familia nzima tukala mchana kwenye mgahawa mmoja hapa Mpanda mjini. Mlangoni walikuwa wamebandika tangazo: bufee ya vyakula vya Kihindi, mkubwa shilingi 10,000, mtoto 5,000. Sisi ni watano, watoto watatu. Jumla 35,000, soda mbali.

Mke wangu alipinga. "Baba watoto, hela hiyo si kilo tatu za nyama?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba siku hiyo hataingia jikoni.

Mezani kulikuwa na biriani, mchuzi wa kuku, dengu za nazi, mboga ya viazi na bilinganya, bajia, sambusa, chapati, achari ya embe na mtindi uliokatiwa tango. Mtoto wetu wa mwisho akauliza, "Baba, mbona hivi ni vyakula vyetu?" Hakukosea sana. Chapati na achari zilikuja na Wahindi pamoja na majina yake. Wafanyabiashara wao walianzia Zanzibar na pwani, kisha wakaingia bara na kufungua maduka kwenye miji ya Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914 na ambayo tawi lake la Kaliua linaishia hapa kwetu. Leo mama lishe wa stendi anakanda chapati bila kuiwaza India.

Tulianza vibaya. Kijana wetu mkubwa alijaza sahani mpaka ikawa kichuguu, akabakiza nusu. Kwa hiyo ukienda na watoto, wazungushe kwanza mezani mikono mitupu, waone kilichopo. Wachukue kijiko kimoja kimoja, wamalize, ndipo warudi. Mchuzi uonje wewe kabla ya mtoto, maana pilipili ya Kihindi haina huruma. Dengu wasiziruke. Zinajenga mwili, na ukizipika nyumbani hazigharimu kama nyama.

Lakini si hayo yaliyonifanya niandike. Tukiwa katikati ya kula, binti yetu wa miaka tisa alisema kwa sauti, "Leo mama anakula na sisi!"

Nikanyamaza. Nyumbani mke wangu hunipakulia mimi kwanza, halafu watoto, kisha anarudi jikoni kugeuza chapati zilizobaki. Anapokuja kukaa, sahani zetu ni tupu na chake kimepoa. Mara nyingine ni ukoko tu. Miaka 13 ya ndoa, na sikumbuki kumwona akiongeza chakula.

Pale mgahawani aliongeza mara mbili. Akachagua paja la kuku. Sikujua kwamba anapenda paja, kwa sababu nyumbani paja huja kwenye sahani yangu, na mimi sijawahi kuuliza.

Jumapili tukajaribu. Sufuria zote tuliziweka katikati ya mkeka, kila mtu akajipakulia, mama akiwa wa kwanza. Chapati zilipikwa zikaisha ndipo tukakaa, na zamu ya kugeuza ilikuwa yangu. Niliunguza mbili. Mama yangu mzazi alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Karema. Aliniangalia nikihangaika na jiko la mkaa, akaninong'oneza, "Mkeo anaumwa?"

"Haumwi, mama. Anakula."

Hakucheka. Kwake mwanamume kushika upawa ni jambo geni, na sikutaka kubishana naye mbele ya wajukuu. Lakini jioni nilimsikia akimwambia binti yetu kwamba yeye naye, enzi zake, alizoea kula wali uliopoa.

Bufee nyingine labda tusubiri baada ya mavuno, maana 35,000 haiokotwi. Usiku huu nimeloweka dengu za kesho, na kijana wetu mkubwa ana zamu ya kupakua.

Nawe mzazi mwenzangu, nyumbani kwako mama hukaa chini kula saa ngapi? Usimuulize yeye, atakwambia ameshazoea. Waulize watoto.